Apolo: Msomi Aliyekubali Kufundishwa

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 12:28–34, Matendo 18:1–3, 24–28, Matendo 19:1–7, 1 Wakorintho 3:4–9, 1 Wakorintho 8:1–3, Mambo ya Walawi 23:32, Tito 3:13.

Fungu la Kukariri: Marko 12:30. Kila mwanafunzi alisome fungu hili katika Biblia yake, aliandike kwa mkono wake mwenyewe, na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Darasa moja la Shule ya Sabato lilikuwa likijifunza habari za kuongoka kwa Sauli. Kijana mmoja, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma katika Matendo 9:7 kwamba wale waliosafiri pamoja na Sauli waliisikia sauti. Kisha akasoma Matendo 22:9, ambapo Paulo mwenyewe anasema kwamba hawakuisikia. "Sasa tushike lipi?" akauliza. Darasa likanyamaza. Mwalimu akafungua ukurasa uliofuata. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo elimu ya chuo itakutoa katika imani. Wewe amini tu." Sabato iliyofuata kijana alikuja, akakaa nyuma, wala hakuuliza neno. Likizo iliyofuata hakuja kabisa.

Mzee yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amewaona vijana wakienda shuleni na Biblia mkononi na kurudi bila Biblia. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini dawa aliyoitoa haikuwa ile aliyoitoa Yesu. Mwandishi mmoja alipomuuliza Yesu kuhusu amri iliyo kuu, Bwana alirudia amri ya Kumbukumbu la Torati 6:5, inayotaja moyo, roho na nguvu, naye akataja pia akili. Mwandishi yule alipojibu kwa busara, Yesu hakumwonya juu ya kufikiri kwake. Alimwambia kwamba hakuwa mbali na ufalme wa Mungu (Marko 12:34).

Basi akili ni sehemu ya ibada. Juma hili somo linamfuata mtu mmoja aliyempenda Mungu kwa akili zake: Apolo. Habari zake ni fupi, lakini zinaonyesha mambo mawili ambayo mara nyingi hutenganishwa: bidii ya kujifunza, na unyenyekevu wa kufundishwa.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mzaliwa wa Iskanderia

Soma Matendo 18:24, 25. Luka anamtambulisha Apolo kwa sifa zipi? Ni sifa gani zinahusu elimu yake, na ni zipi zinahusu roho yake?

Iskanderia ni mji wa Misri ulioanzishwa na Aleksanda Mkuu mwaka 331 K.K. Katika siku za mitume ulikuwa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola ya Rumi. Ulijulikana kwa bandari yake, kwa mnara wa taa uliowaongoza mabaharia, na zaidi sana kwa maktaba na wasomi wake. Wayahudi wengi sana waliishi humo. Ni huko ambako katika karne ya tatu K.K. kazi ya kutafsiri vitabu vya Musa kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani ilianzia. Tafsiri hiyo ya Kiyunani ilipokamilika ilisomwa na Wayahudi waliotawanyika katika nchi nyingi, na waandishi wa Agano Jipya waliitumia mara kwa mara.

Apolo alitoka katika mji wa namna hiyo. Luka anamweleza kwa neno la Kiyunani linaloweza kumaanisha mtu aliyesoma, na pia mtu mwenye ufasaha wa kusema. Kisha anaongeza kwamba alikuwa na uwezo mkubwa katika Maandiko, na kwamba roho yake iliwaka alipofundisha.

Tazama jinsi Luka anavyoyapanga mambo hayo. Haombi radhi kwa sababu ya elimu ya Apolo. Hasemi kwamba alikuwa mtu wa Mungu *ingawa* alikuwa msomi. Anaweka elimu, ujuzi wa Maandiko na moyo unaowaka katika maelezo mamoja, kama vitu vinavyoweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

Ndivyo ilivyo mahali pengine katika Biblia. Stefano anakumbusha kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na matokeo yake yakawa ujuzi wa kuchonga mawe na kufanya kazi za dhahabu (Kutoka 31:1–5). Danieli na wenzake walipewa maarifa na Mungu (Danieli 1:17), lakini walikaa darasani miaka mitatu (Danieli 1:5). Kipawa cha Mungu hakikuwaondolea kazi ya kusoma. Kiliibariki kazi hiyo.

Hapa pana onyo kwa mwamini anayedhani kwamba maombi yanaweza kuchukua nafasi ya kujifunza. Apolo hakuamka asubuhi moja akajikuta ameyajua Maandiko. Katika siku zake maandiko yaliandikwa kwa mkono katika magombo, na watu wachache waliweza kuwa na gombo nyumbani. Mtu aliyetaka kuyajua alipaswa kusikiliza, kurudia na kukariri. Leo mwamini anaweza kuwa na Biblia nzima ndani ya simu yake, na bado akamaliza juma bila kusoma hata sura moja hadi mwisho.

Ni muda gani katika juma unaotengwa nyumbani kwako kwa ajili ya kujifunza Biblia kwa kufikiri, si kwa kuisoma haraka tu? Ni kitu gani kinaula muda huo?

JUMATATU

Ukweli Usiotimia

Soma Matendo 18:25 na 19:1–7. Apolo alikuwa amepungukiwa na nini? Wale wanafunzi wa Efeso walifanana naye kwa namna gani?

Luka anaandika jambo la kushangaza. Apolo alifundisha kwa usahihi habari za Yesu, lakini ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohana peke yake. Yaani alichokisema kilikuwa kweli, ila hakikuwa kimetimia. Luka haorodheshi kila kitu ambacho Apolo hakukijua. Lakini katika sura inayofuata Paulo anawakuta huko huko Efeso watu kama kumi na wawili waliobatizwa ubatizo wa Yohana, ambao hata habari za Roho Mtakatifu hawakuwa wamezisikia. Yohana aliwaelekeza watu kwa yule atakayekuja. Aliyeishia kwa Yohana alikuwa bado anatazama mbele, akisubiri jambo ambalo Mungu alikuwa amekwisha kulifanya.

Kuna tofauti kati ya uongo na ukweli usiotimia. Mtu wa uongo anahitaji kugeuka. Mtu wa ukweli usiotimia anahitaji kuendelea mbele. Na mara nyingi huyu wa pili ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hana kinachomsumbua. Anaposema watu wanakubali. Anaponukuu Maandiko hakosei. Anaweza kuhubiri miaka ishirini kwa kile alichojifunza mwaka wa kwanza, na kusifiwa kila Sabato.

Wahenga walisema kwamba elimu haina mwisho. Watu wengi huikumbuka methali hiyo wanapozungumza juu ya shule, lakini huisahau wanapozungumza juu ya imani. Fundi wa umeme anajua kwamba asipojifunza vifaa vipya atakosa kazi. Muuguzi anarudi mafunzoni. Mkulima anauliza mbegu ipi inastahimili ukame. Lakini mwamini aliyebatizwa akiwa na miaka kumi na minne anaweza kufika hamsini akiwa bado na maelezo yale yale aliyopewa katika darasa la ubatizo, na akayaona yanatosha.

Waebrania 5:11–14 inaeleza hali hiyo. Waandikiwa walikuwa wamekaa katika imani muda wa kutosha kuwa walimu, lakini bado walihitaji maziwa kama watoto wachanga. Mwandishi hawalaumu kwa kuwa waliwahi kunywa maziwa. Maziwa ni mema, na kila mtu alianza nayo. Anawalaumu kwa kuwa hawakukua. Anasema pia kwamba chakula kigumu ni cha wale ambao fahamu zao zimezoezwa kwa kutumiwa. Akili hukua kama misuli ya mkono: isipofanya kazi, hulegea.

Taja fundisho moja la Biblia unaloliamini tangu ubatizo wako. Ukiulizwa na mtu asiyeamini, unaweza kulieleza kutoka katika Maandiko bila kutumia kijitabu? Ni kitu gani kipya umejifunza juu yake katika mwaka huu?

JUMANNE

Darasa kwa Washona Mahema

Soma Matendo 18:1–3, 26. Akila na Prisila walikuwa watu gani? Walifanya nini waliposikia upungufu katika mafundisho ya Apolo?

Akila na Prisila walikuwa wakimbizi. Walikuwa wamefukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya kaisari Klaudio, yapata mwaka 49 B.K. Walifika Korintho wakaendelea na kazi ya mikono yao ya kushona mahema. Paulo, aliyekuwa fundi wa kazi hiyo hiyo, alikaa kwao. Alidumu katika mji huo mwaka mmoja na miezi sita akifundisha (Matendo 18:11). Ni rahisi kufikiri kwamba mafundisho mengi ya Paulo watu hawa waliyapata wakiwa na sindano mkononi. Alipoondoka Korintho waliondoka pamoja naye hadi Efeso, naye akawaacha huko.

Siku moja wakiwa katika sinagogi walimsikia Apolo. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Mbele yao alisimama mtu wa Iskanderia, msemaji mwenye nguvu, anayeyajua Maandiko. Wao walikuwa mafundi. Nao wakagundua kwamba kuna jambo ambalo msemaji huyu halijui.

Njia tatu zilikuwa wazi mbele yao. Wangeweza kunyamaza, wakisema, "Sisi ni nani hata tumfundishe msomi?" Wangeweza kusimama katikati ya sinagogi na kumkosoa mbele ya watu. Au wangeweza kuondoka na kuwaambia majirani kwamba mhubiri huyu mpya hajui kitu. Hawakufanya hata moja kati ya hayo. Kwanza walimsikiliza. Kisha wakamchukua kando, kwao. Ndipo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakukibomoa kile alichokuwa amekijenga, walikiendeleza.

Luka anamtaja Prisila kwanza. Hasemi kwa nini, lakini anaonyesha wazi kwamba mwanamke huyu alishiriki kikamilifu kumfundisha mmoja wa wahubiri hodari wa kanisa la kwanza. Maarifa ya mambo ya Mungu hayakufuata cheo, jinsia wala cheti. Yalifuata njia ya wale waliokuwa wamekaa na kujifunza.

Kisha tazama upande wa Apolo. Luka hasemi kwamba alibishana. Hasemi kwamba aliwauliza wamesoma wapi. Anaonyesha tu kwamba baada ya mazungumzo hayo Apolo alitaka kwenda Akaya, na ndugu wa Efeso, ambao sasa walimjua vizuri, wakamwandikia barua ya kumtambulisha. Msomi aliketi mbele ya mafundi akatoka akiwa msomi bora zaidi. Hapo ndipo elimu yake yote ilipopimwa. Mtu anaweza kujua lugha nyingi na vitabu vingi, lakini kama hawezi tena kusema, "Hilo sikulijua, nieleze," basi akili yake imefunga mlango, hata kama midomo yake bado inahubiri.

Ni nani katika kanisa lako aliye na elimu ndogo ya shule kuliko wewe, lakini anaweza kukufundisha jambo la Mungu? Ni lini mara ya mwisho ulimuuliza swali?

JUMATANO

Maarifa Yanayojenga

Soma Matendo 18:27, 28, 1 Wakorintho 3:4–9, 8:1–3. Elimu ya Apolo ilifanya kazi gani huko Akaya? Ni hatari gani ilijitokeza kwa baadhi ya watu waliomsikia?

Apolo alipofika Akaya, ambako Korintho ndio mji mkuu, aliwasaidia sana walioamini. Mambo aliyojifunza Iskanderia na yale aliyoongezewa Efeso yalifanya kazi pamoja. Aliwajibu waziwazi wale waliopinga, akionyesha kwa Maandiko kwamba Yesu ndiye Kristo. Waamini wa kawaida, ambao huenda walikuwa wakikosa jibu sokoni na majumbani, sasa walisikia imani yao ikitetewa kwa hoja.

Lakini Korintho palikuwa mahali pa kupenda wasemaji. Baada ya muda kanisa likaanza kugawanyika. Wengine walijiita wa Paulo, wengine wa Apolo. Kile kilichotolewa ili kulijenga kanisa kikageuzwa kuwa bendera ya kundi.

Paulo alitibu ugonjwa huo bila kuidharau elimu ya Apolo. Alisema kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, na kwamba aliyekuza ni Mungu. Mpandaji na mwenye kutia maji ni kitu kimoja. Katika barua hiyo hiyo alitoa kipimo cha maarifa yote: ujuzi peke yake humfanya mtu ajivune, bali upendo hujenga. Hakusema ujuzi uachwe. Yeye mwenyewe alikuwa msomi, aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3). Alisema ujuzi usiachwe peke yake.

Na Apolo mwenyewe alifanyaje? Mwishoni mwa barua Paulo anaeleza kwamba alimsihi sana Apolo aende tena Korintho pamoja na ndugu, naye hakutaka kwenda wakati ule (1 Wakorintho 16:12). Paulo hatoi sababu. Lakini mtu aliyekuwa na kundi zima linalolitaja jina lake, na ambaye hakukimbilia kwenda kulipokea, hana dalili za mtu anayetafuta ukuu. Miaka baadaye Paulo anamwagiza Tito awasafirishe kwa bidii Zena mwanasheria na Apolo, wasipungukiwe na kitu (Tito 3:13). Wasomi wawili walikuwa njiani katika utumishi, na kanisa likatakiwa kuwatunza.

Fungu hilo fupi linasema jambo kwa kanisa la leo. Kanisa linalowaogopa wasomi wake litawapoteza. Kanisa linalowaabudu litagawanyika. Tito aliagizwa kufanya jambo la tatu: kuwapa wanachohitaji na kuwatuma kazini.

Mtu anapoondoka baada ya kuzungumza nawe juu ya Biblia, anaondoka akiwa amejengwa, au anaondoka akijua tu kwamba wewe unajua mengi?

ALHAMISI

Saa ya Kuanza Sabato

Soma Mambo ya Walawi 23:32 na Marko 1:32. Mafungu haya yanaonyesha siku huanza na kuisha wakati gani?

Waadventista wa Sabato wengi huipokea Sabato jua linapotua siku ya Ijumaa, bila kujua kwamba waanzilishi wa kanisa hawakufanya hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka ipatayo kumi wengi wao walianza Sabato saa 12 jioni, iwe jua limetua au halijatua. Aliyewafundisha hivyo alikuwa Joseph Bates, nahodha mstaafu wa meli na mmoja wa watetezi wa kwanza wa Sabato. Hoja yake ilikuwa ya kibaharia: kwenye ikweta jua hutua karibu na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo saa hiyo inaweza kuwafaa watu wote duniani.

Msomaji anayeishi karibu na ikweta, nchini Kenya au Uganda kwa mfano, hataona tofauti kubwa kati ya saa hiyo na machweo. Lakini kaskazini mwa Marekani, walikoishi Waadventista hao, hali ni nyingine. Wakati wa baridi jua huweza kutua saa 10 alasiri au baadaye kidogo, na wakati wa kiangazi likachelewa kupita saa 1 usiku. Swali likaendelea kuwasumbua: je, Biblia inasema nini?

Mwaka 1855 James White alimwomba J. N. Andrews alichunguze jambo hilo. Andrews alikuwa kijana wa miaka 26. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Alikusanya mafungu ya Agano la Kale na Agano Jipya, akayalinganisha, akaonyesha kwamba katika Biblia jioni ni wakati wa kutua jua. Mwezi wa Novemba mwaka huo matokeo ya uchunguzi wake yalisomwa mbele ya mkutano wa waamini huko Battle Creek, Michigan. Wengi waliridhika. Wachache hawakuridhika, na miongoni mwao walikuwemo Joseph Bates na Ellen G. White mwenyewe. Siku chache baadaye Ellen White alipewa njozi iliyothibitisha kile kilichoonekana katika Maandiko, na kanisa likawa na nia moja.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa katika habari hii. La kwanza, njozi ilikuja baada ya kujifunza. Haikuja ili watu wasijifunze. La pili, kijana aliruhusiwa kuchunguza jambo ambalo wazee walikuwa wamelizoea, na hata kuonyesha kwamba nahodha waliyemheshimu alikuwa amekosea. La tatu, nahodha mzee na mwanamke aliyepewa njozi walikubali kubadilika. Walifanya kile alichofanya Apolo katika nyumba ya washona mahema.

Andrews hakuishia hapo. Mwaka 1874 akawa mmishonari wa kwanza kutumwa rasmi na kanisa ng'ambo, akaenda Uswisi, na huko alifariki mwaka 1883. Akili aliyoitoa kwa Mungu alipokuwa kijana, Mungu aliitumia hadi mwisho.

Kama kijana wa kanisa lako angetaka kuchunguza kwa Maandiko jambo lililozoeleka, angepewa nafasi? Ni nani angemtia moyo, na ni nani angekaa naye kumsaidia?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mwanzo wa somo hili lilitajwa swali la kijana mmoja: kwa nini Matendo 9:7 inasema wasafiri waliisikia sauti, na 22:9 inasema hawakuisikia? Swali hilo lilikuwa jema, na lina jibu. Katika Kiyunani kitenzi cha kusikia kinaweza kumaanisha kusikia mlio, na pia kusikia kwa kuelewa. Hata katika Kiswahili mtu husema, "Sikusikii," akiwa na maana kwamba maneno hayamfikii vizuri, ingawa mlio wa sauti anausikia. Wafafanuzi wengi wanaelewa kwamba wenzake Sauli walisikia sauti ikitoka, lakini hawakuyaelewa maneno aliyoambiwa. Biblia ina mfano mwingine wa namna hiyo. Katika Yohana 12:28, 29 sauti ilitoka mbinguni, na baadhi ya watu waliokuwapo walidhani ni ngurumo.

Jibu hilo lingechukua dakika kumi. Kama hakuna aliyelijua Sabato ile, mwalimu angeweza kusema, "Sijui, lakini umeuliza vizuri. Njoo nyumbani tulitafute pamoja." Hata bila jibu, neno hilo peke yake lingemrudisha kijana Sabato iliyofuata. Kilichomwondoa hakikuwa chuo. Alikwenda chuoni na akarudi akiwa bado anasoma kitabu cha Matendo kwa makini kiasi cha kuona jambo ambalo darasa zima halikuliona. Kilichomwondoa ni kuambiwa kwamba macho hayo hayana nafasi katika nyumba ya Mungu.

Kijana naye ana sehemu yake. Apolo hakuacha sinagogi kwa sababu wengine hawakujua kile alichojua, wala hakuwaacha washona mahema kwa sababu hawakuwa wasomi. Mwenye swali na alilete, alilete kwa heshima, na akae asubiri jibu, hata likija kutoka kwa mtu ambaye hakulitazamia kwake. Na jibu likikawia, asidhani kwamba Mungu hayupo. Danieli pia aliona mambo ambayo hakuyaelewa, akaambiwa aende zake (Danieli 12:8, 9). 

Kumpenda Mungu kwa akili zote, basi, si jambo la wenye shahada peke yao. Mama anayesoma sura moja alfajiri kabla ya kwenda sokoni, na kuitafakari akiwa njiani, anampenda Mungu kwa akili. Mwanafunzi wa sayansi anayefanya kazi yake kwa uaminifu bila kunakili ya mwenzake anampenda Mungu kwa akili. Mzee anayekubali kusema, "Hilo nilikuwa nimelielewa vibaya," anampenda Mungu kwa akili, na huenda sadaka yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini waamini wengine huiona elimu kama adui wa imani? Ni sababu zipi kati ya hizo zina ukweli ndani yake, na ni zipi hazina? Darasa litoe mifano.

2. Linganisheni jinsi Akila na Prisila walivyomsaidia Apolo na jinsi makosa yanavyosahihishwa katika kanisa lenu. Ni jambo gani moja mnaweza kubadilisha kuanzia Sabato hii?

3. Apolo alisifiwa kwa kujua Maandiko, na Wakorintho wakaonywa kwa kujivunia ujuzi. Mtu atajuaje kwamba ujuzi wake umeanza kugeuka kuwa majivuno?

4. Wayahudi wa Beroya walisikia mahubiri ya mtume, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama mambo hayo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na Luka akawasifu. Je, mhubiri wa leo angejisikiaje kama washiriki wangefanya hivyo kila juma? Washiriki wafanyeje ili uchunguzi wao ujenge?

5. Je, kuna kijana aliyewahi kuuliza swali katika darasa lenu akakosa jibu, na sasa haonekani? Ni nani atakwenda kwake juma hili, na atakwenda kusema nini? Kabla ya kufunga kwa maombi, darasa lichague watu wawili wa kwenda.